Wasomaji Wauliza: Fedha za Serikali Katika Viwanja vya Ndege vya Manda na Malindi

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu viwanja viwili vya ndege vya Pwani ya kaskazini: kile cha Manda, kinachohudumia Lamu, na kile cha Malindi. Nimechagua nne na kuzifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Mkomani, Lamu. Disemba iliyopita mamangu aliandikiwa kwenda kuonwa na daktari bingwa Nairobi. Mgongo wake haukuweza safari ya basi ya mchana na usiku, tukaenda kuuliza nauli ya ndege, na tiketi mbili za kwenda tu, bila kurudi, zikapita mshahara wangu wa mwezi. Mwishowe alikwenda kwa basi, amelazwa kiti cha nyuma. Kila mwaka twasikia serikali imetenga fedha za uwanja wa Manda. Fedha hizo zatufaa nini sisi wenyeji, na je, serikali haina uwezo wa kuteremsha nauli?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana, na Mwenyezi Mungu amjaalie mama afya njema.

Fedha unazozisikia huenda katika lami, jengo la abiria, ua, taa na magari ya zimamoto. Mwenye mali hiyo ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya 1991. Ndege zenyewe ni za kampuni, na nauli hupangwa na kampuni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ni chombo kingine kabisa, hutoa leseni na kusimamia usalama, lakini haimwambii mwenye ndege auze kiti kwa bei gani. Kwa hiyo bajeti ya uwanja yaweza kutumika yote, kwa uaminifu, kazi ikaonekana kwa macho, na bado isipungue hata shilingi moja katika tiketi ya mama yako. Tunapomsifu kiongozi kwa kuleta fedha za uwanja, au tunapomlaumu kwa kutozileta, mara nyingi tunazungumzia lami huku tukidhani tunazungumzia safari.

Nauli yenyewe ina sababu zake. Ndege ndogo aina ya Caravan hubeba abiria 12 au 13, na gharama ya rubani, mafuta, matengenezo na ada ya kutua hugawanywa kwa hao wachache tu. Ndege kubwa zaidi aina ya Dash 8-400, kama zile za kampuni ya Jambojet, zina viti 78, na hapo mgao hupungua, mradi viti vijae. Navyo havijai mwaka mzima. Disemba, Pasaka na siku za Maulidi watu hugombea nafasi. Ukiingia msimu wa kusi na mvua za masika, hoteli nyingi za Shela na Lamu hufunga milango na ndege huruka na viti vitupu. Kampuni hufidia katika Disemba kile ilichokikosa katika Mei. Siwaiti wenye ndege wezi, kwa sababu hesabu hiyo angeifanya mfanyabiashara yeyote. Lakini matokeo yake ni kwamba bei hufuata mfuko wa mgeni anayekuja kupumzika, naye mgonjwa wa Mkomani asiye na hiari ya kusafiri au kutosafiri hulipa bei hiyo hiyo au hubaki.

Serikali kadhaa duniani zimekwisha kuliona jambo hili, na mfano unaokaribia zaidi hali ya Lamu ni visiwa vya Scotland. Huko viwanja 11, vingi vyao vya visiwani, huendeshwa na kampuni inayomilikiwa na serikali ya Scotland yenyewe, kwa kuwa hakuna mwekezaji angevishika kwa faida. Kimoja, cha Barra, hakina lami: ndege hutua juu ya mchanga wa ufukwe maji yakiwa yamekupwa, na ratiba hufuata kupwa na kujaa. Njia ya kutoka Glasgow kwenda Barra, pamoja na ile ya Tiree na ya Campbeltown, serikali huzilipia ruzuku ili ndege zipae hata abiria wakiwa wachache. Tena kuna mpango mwingine, ulioanza 2006, ambao mkaazi wa visiwa vilivyotajwa humo hupunguziwa nusu ya nauli ya msingi. Mtalii aliyekaa naye kiti kwa kiti hulipa yote. Hapa ndipo ningependa uangalie kwa makini, dada yangu: fedha ya umma inamfuata mwenyeji, haibaki uwanjani.

India ilichukua njia tofauti. Mpango wao wa UDAN, ambao safari zake za kwanza ziliruka 2017, uliitaka kampuni iuze takriban nusu ya viti kwa bei iliyowekewa kikomo, wakati huo rupia 2,500 kwa safari ya kama saa moja, na serikali ikaahidi kujaza pengo la hasara kwa miaka 3. Sehemu ya fedha ilitoka kwa tozo lililowekwa juu ya safari za njia kubwa, yaani abiria wa miji mikubwa walimchangia abiria wa mji mdogo. Nia ilikuwa njema, na miji kadhaa ilipata ndege kwa mara ya kwanza. Lakini mkaguzi mkuu wa hesabu wa India aliripoti 2023 kwamba kati ya njia 774 alizozikagua, zaidi ya nusu hazikuanza kabisa, na nyingi kati ya zilizoanza hazikumaliza hata hiyo miaka 3. Ruzuku yenye mwisho, katika njia isiyo na abiria wa kutosha, huisha na ndege yake.

Kuna watakaosema Kenya haiwezi anasa kama hizo. Nami nawauliza: anayevuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, bila gari hulipa nini? Halipi chochote, kwa sababu serikali ilikubali zamani kwamba kivuko kile ni barabara ya wananchi. Nauli ya treni ya Madaraka Express, tangu ilipoanza 2017, huamuliwa na serikali, si na soko. Kwa hiyo kanuni ya kumchangia abiria wa Pwani tunayo tayari. Lililobaki ni kuamua kama mtu wa kisiwani naye anastahili.

Maoni yangu ni kwamba anastahili, kwa masharti. Nauli ya mwenyeji itolewe kwa kitambulisho na uthibitisho wa makaazi. Idadi ya viti iwekwe wazi kwa kila ndege, mwaka mzima, si katika miezi ya kusi tu. Na serikali imlipe mwenye ndege kwa kila mwenyeji aliyesafiri kweli, baada ya kusafiri, badala ya kumkabidhi fungu la fedha mwanzoni mwa mwaka. Ningeanza na wagonjwa wenye barua ya rufaa kutoka hospitali ya kaunti pamoja na mtu mmoja wa kuwasindikiza. Najua yuko atakayesema afadhali fedha hizo zilete daktari bingwa Lamu, na hoja hiyo ni nzito. Mimi mwenyewe ningechagua daktari kama ningelazimishwa kuchagua. Lakini hakuna kaunti yenye watu wachache kama Lamu itakayokuwa na bingwa wa kila maradhi, na kwa yale yasiyotibika hapa, njia ya kwenda yanakotibika ni sehemu ya matibabu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Malindi, naongoza watalii. Wanasiasa hutuambia uwanja wetu ukirefushwa na kuitwa wa kimataifa, Waitaliano watashuka hapa hapa badala ya Mombasa. Je, tuwaamini?

JIBU: Ndugu yangu, waamini nusu. Njia ya kurukia ndege ya Malindi ina urefu wa takriban kilomita 1.4, na mipango iliyotangazwa mara kadhaa ni kuifikisha kilomita 2.5. Urefu huo una maana. Jeti ya abiria zaidi ya 150 huhitaji kwa kawaida njia inayozidi kilomita 2 ili ipae na mzigo kamili, hasa penye joto kama letu, kwa kuwa hewa ya moto haibebi bawa vizuri kama hewa baridi. Bila kurefushwa, hizo jeti haziji. Hiyo ndiyo nusu ya kweli.

Nusu ya pili ni kwamba kurefusha peke yake hakuleti ndege. Tazama Isiolo. Uwanja wake ulifunguliwa 2017 kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 2.7, ukapewa jina la kimataifa na jengo la kuhudumia abiria 125,000 kwa mwaka. Njia yake ya kurukia ilikuwa kilomita 1.4, fupi kwa ndege kubwa za mizigo ambazo wafanyabiashara wa miraa na nyama walizitarajia. Na safari za abiria za ratiba zimekuwa haba tangu mwanzo. Watu walihesabu jengo kabla ya kuhesabu abiria. Kisumu ni kinyume chake. Ule mji ulikuwa na wasafiri wa kila siku wa Nairobi, wafanyabiashara, maafisa na wanafunzi, na uwanja ulipopanuliwa na njia yake kufika kilomita 3.3, ulipanuliwa kuwapokea watu ambao tayari walikuwa wamejazana.

Basi Malindi tufanane na nani? Tuna abiria wa Nairobi wa uhakika kuliko Isiolo, na wageni wa Italia wamekuwa wakija huku tangu miaka ya 1960 na 1970, wengi wakajenga na kuishi. Lakini mgeni wa Roma au Milano huja kwa ndege ya kukodi iliyojazwa na wakala wa safari, na wakala huyo huiteremsha Mombasa kwa sababu pale anaweza kuwagawa abiria wake kati ya Diani, Kilifi, Watamu na Malindi. Umbali kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 120 kwa barabara. Ili aiache Mombasa, lazima awe na abiria wa Malindi na Watamu peke yao wa kujaza ndege nzima, wiki baada ya wiki. Zaidi ya hayo, jina la kimataifa huja na watu wa kulipwa mshahara: maafisa wa uhamiaji, wa forodha, wa afya ya bandari, na kikosi cha zimamoto cha daraja linalolingana na ukubwa wa ndege, wote wakiwa kazini hata siku ambayo hakuna ndege iliyotua.

Umoja wa Ulaya, ambao una viwanja vidogo vingi vinavyokula fedha za umma, uliweka miongozo 2014 inayoruhusu ruzuku ya uendeshaji kwa kiwanja chenye abiria wasiozidi milioni 3 kwa mwaka, kwa muda maalumu, kikionyesha mpango wa biashara wa kujitegemea baadaye. Ningependa nasi tuuone mpango wa namna hiyo kabla ya kilomita moja ya lami kumwagwa. Kwa hiyo mwanasiasa akija tena, usimwulize urefu wa njia. Mwulize ni kampuni ngapi za ndege na mawakala wangapi wa safari waliotia sahihi kwamba watakuja, na kwa msimu upi. Kwa kazi yako wewe, ndugu yangu, naona faida ya karibu zaidi ni safari nyingi na za bei nafuu za Nairobi–Malindi, kwa kuwa Mkenya wa bara huja Pasaka, huja likizo za Agosti, tena huja miezi ambayo Ulaya wanasafiri kwengine.

SWALI: Shamba letu la urithi liko karibu na uwanja wa Malindi. Maafisa walikuja miaka iliyopita, wakapima, wakapaka rangi nyekundu kwenye minazi, wakatuambia tusijenge wala tusipande mti wa kudumu. Hatukulipwa wala hatukuhamishwa. Nyumba inavuja na tunaogopa hata kuezeka upya. Hatuna hatimiliki, babu yetu ndiye aliyelima hapa. Tuna haki gani?

JIBU: Mzee wangu, kati ya barua zote za mwezi huu yako ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu familia inayokatazwa kuezeka nyumba yake tayari inaulipia uwanja, na inaulipia kabla ya serikali kutoa chochote.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema mali ya mtu haitwaliwi kwa manufaa ya umma isipokuwa kwa fidia ya haki, inayolipwa yote na kwa haraka. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka hatua zake, na msimamizi wa hatua hizo ni Tume ya Taifa ya Ardhi, wala si yule anayetaka kujenga: nia ya kutwaa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wenye ardhi hualikwa kwenye kikao cha kusikilizwa, thamani hukadiriwa, mwenye haki huandikiwa kiasi chake, kisha hulipwa. Juu ya thamani ya soko, kanuni za 2017 huongeza asilimia 15 kwa usumbufu wa kuhamishwa. Marekebisho ya sheria ya 2019 yalieleza kuwa malipo ya haraka hayapaswi kupita mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe.

Kuhusu hatimiliki, usikate tamaa. Pwani hii imejaa watu waliolima vizazi na vizazi bila karatasi, na historia yake inarudi nyuma hadi sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1908, iliyowapa hati wachache waliojua njia ya ofisini na kuyaita maeneo mengine mali ya serikali. Katiba yenyewe, katika kifungu hicho hicho cha 40, imeruhusu wakaazi wa nia njema wasio na hati walipwe fidia. Neno lake ni ruhusa, halina nguvu ya amri, kwa hiyo mnahitaji ushahidi wa kukaa kwenu: barua ya chifu, makaburi ya wazee, umri wa minazi, stakabadhi za kodi au za maji kama zipo, na majirani wa kusimama nanyi. Pigeni picha za kila mti uliopakwa rangi, na muandike tarehe nyuma ya picha.

La kwanza kabisa, kabla ya wakili, ni kujua kama ardhi yenu ilitangazwa kweli katika Gazeti Rasmi. Rangi nyekundu kwenye mnazi si tangazo la kisheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa haki ya kuandika barua kwa afisi yoyote ya umma kuomba ramani na orodha ya mashamba yaliyokusudiwa, nayo yapaswa kuwajibu ndani ya siku 21. Wekeni nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mkinyamaziwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama ofisi ya mchunguzi wa malalamiko ya umma. Ikibainika kwamba hakuna tangazo lililotolewa, mwulizeni wakili kuhusu nyumba yenu, kwa kuwa katazo la mdomo, lisilo na barua wala tarehe ya mwisho, lina msingi mdogo sana wa kisheria. Na kama tangazo lipo na fidia haijaja, Malindi ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hamna haja ya kwenda mbali. Nendeni mkiwa majirani pamoja, kwani kesi ya familia kumi gharama yake hubebeka.

SWALI: Mimi ni nahodha wa boti, huvusha abiria kutoka gati la uwanja wa Manda hadi mjini. Maji ya bamvua yakipwa, ngazi za gati huwa telezi na boti hukaa chini sana. Juzi tulimteremsha bibi mmoja mikononi mwa watu watatu, mkoba wake ukaanguka baharini. Hili ni jukumu la nani? Wa uwanja wanasema kazi yao inaishia kwenye lango.

JIBU: Nahodha, wasafiri wa Lamu wana deni kwako. Mtu aliyetua Manda hajafika. Atakuwa amefika atakapokanyaga ukuta wa mjini, na mzigo wake uliosukumwa kwa mkokoteni kutoka ndegeni hadi gatini uko naye mkavu.

Jibu la kisheria liko katika Jedwali la Nne la Katiba. Usafiri wa anga ni kazi ya serikali ya kitaifa. Vivuko na bandari, ukiondoa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa, ni kazi ya kaunti. Usalama wa chombo chako, leseni yake na majaketi ya kujiokolea, husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Hivyo abiria mmoja, katika mwendo wa dakika chache, hupita mikononi mwa mamlaka tatu, na pale zinapokutana ndipo bibi alipoteremshwa kwa mikono.

Ninalopendekeza si kubwa. Gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na maji, likiwa na daraja lenye vishikio na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, ni kitu cha kawaida katika bandari nyingi, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kurefusha njia ya kurukia ndege. Kaunti ndiyo inayopaswa kuliweka katika bajeti yake, na wenye uwanja watie sahihi ya kuchangia matengenezo, kwa kuwa abiria ni wao. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai, na kabla ya hapo sheria huitaka kaunti iwaite wananchi kutoa maoni. Chama cha manahodha kiende kwenye vikao hivyo na ombi lililoandikwa, lenye vipimo vya kina cha maji wakati wa bamvua, picha za ngazi, na idadi ya abiria mnaowavusha kwa wiki. Vipimo hivyo nyinyi ndio mnaovijua kuliko mhandisi yeyote, na mkinitumia nakala nitaichapisha katika safu hii kabla ya vikao kuanza.